Meet the Temptations: santuri ya kundi lililokuwa bado likijitafuta

Santuri hii ya mwaka 1964 haikurekodiwa kama kazi moja, bali kwa sehemu kubwa inakusanya nyimbo ambazo The Temptations, kundi la waimbaji lililoundwa Detroit mwaka 1961, lilikuwa limezitoa mojamoja chini ya kampuni ya rekodi ya Motown bila mafanikio makubwa. Ndiyo maana haina mwelekeo mmoja, na baadhi ya nyimbo hupita bila kuacha alama. Hata hivyo, sauti nyororo ya juu ya mwimbaji wa kundi hilo, Eddie Kendricks, katika "Dream Come True" inatosha kuhalalisha ununuzi. "The Way You Do the Things You Do", iliyotungwa na Smokey Robinson na Bobby Rogers, inazizidi zote; lakini David Ruffin, aliyejiunga na kundi mapema mwaka 1964, hapa hajapewa nafasi ya kuongoza uimbaji.