Kikomo ni sifuri, nao wanajibu "tumia kwanza ulichonacho"

"Ndugu mteja, kwa sasa hatuwezi kuidhinisha ombi lako. Tunakushauri utumie kwanza kikomo ulichonacho, kisha uombe tena. Samahani kwa usumbufu."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na mtoa huduma wa wingu, yaani kampuni inayokodisha kompyuta kupitia intaneti, ninayemlipa kila mwezi bila kuchelewa. Ombi lilikuwa la kuongezewa kikomo, yaani kiasi cha juu ninachoruhusiwa kuwasha, cha mashine zenye GPU (chipu za hesabu nzito), na kikomo chenyewe kwenye akaunti kilikuwa sifuri. Mtu anatumiaje sifuri kwanza? Aliyejibu hakufungua ukurasa wa akaunti, wala hakusoma mstari wa kwanza wa tiketi, yaani ombi nililowaandikia, ambako namba hiyo ilikuwa imeandikwa wazi.

Sitaki kuwaonea. Kwa mashine za kawaida huduma yao ni nzuri, na ukurasa wao wa vikomo umetengenezwa vizuri kweli: unaona kikomo, unaona umetumia kiasi gani, na ongezeko dogo hukubaliwa na mfumo wenyewe bila kumsubiri mtu. Ningeishia hapo ningewapa nyota nne.

Hata sababu ya kuwepo kwa vikomo naikubali. Mwizi akipata ufunguo wa siri wa akaunti, mara nyingi huwasha mashine kubwa kuliko zote na kuchimba sarafu za kidijitali, na bili humwangukia mwenye akaunti. Programu yenye kosa inaweza kuwasha seva bila kukoma usiku kucha. Kwa hiyo GPU kuanzia sifuri kwenye akaunti changa si jambo la kulalamikia. Ninacholalamikia ni kukataliwa bila sababu, kwa maneno ambayo hayana uhusiano wowote na ombi.

Na ombi lilikuwa limekamilika. Naeleza lilivyoandikwa, maana wengi hukataliwa kwa haki kwa sababu tiketi zao zina sentensi moja tu, "naomba niongezewe." Taja eneo, yaani sehemu ya dunia zilipo mashine zao, kwa sababu vikomo vingi huhesabiwa kwa kila eneo peke yake. Taja jina la kikomo kama lilivyo kwenye ukurasa wao, kiasi cha sasa, kiasi unachotaka, na hesabu iliyokufikisha hapo. Taja aina ya mashine, kazi itakayofanya, saa zake kwa siku, na tarehe unayoihitaji. Mwisho weka mbadala: kama eneo hili halina nafasi, eneo lipi jingine linakufaa, na mashine ipi nyingine. Mstari huo wa mbadala ndio unaomwezesha mhudumu kukubali badala ya kufunga tiketi.

Hesabu ndiyo inayowaponza wengi. Kwa AWS, wingu la Amazon, tangu 2019 mashine za kawaida huhesabiwa kwa vCPU (viini vya kuchakata ambavyo mashine inapewa), si kwa idadi ya mashine, na familia za GPU, yaani makundi ya mashine za aina hiyo, nazo huhesabiwa hivyo hivyo. Mashine ya p4d.24xlarge ina GPU nane na vCPU 96. Anayeandika "8" akidhani anaomba GPU nane, anapewa vCPU nane ambazo haziwashi hata mashine moja ya aina hiyo. Ukiidhinishiwa 64 ni yale yale: hakuna theluthi mbili za mashine. Azure, wingu la Microsoft, ina milango miwili, jumla ya vCPU za eneo zima na vCPU za familia ya mashine husika, na lazima yote miwili iwe na nafasi. Google Cloud nao wana kikomo cha GPU cha eneo na kingine cha mradi kwa maeneo yote pamoja. Ukiongezewa kimoja ukasahau cha pili, kosa linabaki pale pale na tiketi inaanza upya.

Kisha ongeza ya kupumulia. Tuseme una seva 40 za vCPU 4, yaani 160. Ukitoa toleo jipya kwa kuwasha kundi jipya zima kabla ya kuzima la zamani, kwa muda unahitaji 320. Ongeza asilimia 20 ya siku za msongamano, unafika 384. Aliyeomba 200 kwa kuwa "160 zinatosha" atakwama katikati ya kubadilisha toleo, na huko ndiko kubaya kuliko kote.

Usiombe mashine ukasahau vinavyoandamana nazo. Angalia jumla ya gigabaiti za diski, visambaza mzigo, na anwani za IP za kudumu, ambazo AWS huanza na tano tu kwa kila eneo. Angalia na ukubwa wa mtandao mdogo uliomo ndani ya mtandao wako: wenye anwani 256 unabakiza 251 kwa AWS na Azure, kwa sababu tano wamezichukua wenyewe. Zikiisha hizo hakuna tiketi itakayokuokoa, maana ule ni mpango wako wa mtandao. Mara nyingi utalazimika kutengeneza mtandao mdogo mwingine.

Nirudi kwa mhudumu wangu. Nilimjibu kwa adabu kwamba kikomo ni sifuri, kwa hiyo hakuna cha kutumia kwanza, nikaomba sababu moja tu: ni historia ya malipo, ni umri wa akaunti, au ni eneo limejaa? Jibu likaja lile lile, "Ndugu mteja" na yote, neno kwa neno, na tiketi ikafungwa. Kumfungia mtu tiketi mkononi wakati ameuliza swali ni sawa na kumfungia mlango akiwa katikati ya salamu. Hapo nyota nne zikawa mbili.

Ubaya ni kwamba sababu hizo tatu zina dawa tofauti kabisa. Kama tatizo ni historia ya malipo, dawa ni kuomba kiasi kidogo, mashine moja, kuitumia mwezi mmoja au miwili, kisha kuomba tena. Kama ni umri wa akaunti, unasubiri au unampitia meneja wa akaunti kama unaye. Kama eneo limejaa, historia yako ingekuwa safi kama theluji isingesaidia, unabadilisha eneo. Kumnyima mteja sababu ni kumwacha apoteze muda kwa dawa isiyo yake.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo watoa huduma wengi hawalisemi kwa sauti: kikomo ni ruhusa, si mashine. Unaweza kuwa na kikomo cha vCPU 1,000 na bado usipate hata mashine moja, kwa sababu kwenye ukanda ule, yaani sehemu moja ndani ya eneo, vifaa vimekwisha. Soma jina la kosa kabla ya kufungua tiketi. Kwa AWS, VcpuLimitExceeded maana yake umefika kikomo, basi omba nyongeza. InsufficientInstanceCapacity maana yake wao hawana nafasi, na kuomba nyongeza ni kazi bure. Kwa Google Cloud kosa la pili huitwa ZONE_RESOURCE_POOL_EXHAUSTED. Dawa yake ni kujaribu ukanda mwingine, aina nyingine ya mashine, au kugawa kazi kwenye mashine ndogo zaidi. Ukitaka uhakika, hifadhi nafasi mapema, lakini ujue nafasi iliyohifadhiwa hulipiwa hata ikikaa tupu.

Kuna na vikomo vya kasi, yaani maombi mangapi kwa sekunde kwenye API, mlango ambao programu hupitia kuzungumza na huduma. Hivyo mara nyingi hurudisha kosa namba 429 (maombi yamezidi), na mara nyingi kuviongeza ni kuficha ugonjwa. Kwanza ifanye programu isubiri kabla ya kurudia, sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na uongeze muda kidogo wa nasibu ili seva zote zisirudi kwa pamoja. Kwa Lambda, huduma ya AWS inayoendesha programu bila wewe kuwasha seva, kikomo cha kawaida ni kazi 1,000 kwa wakati mmoja katika eneo, na hizo ni za programu zote zilizomo. Programu moja yenye pupa huzimaliza, nyingine zinakosa pumzi. Itengee ile muhimu fungu lake kabla ya kuomba zaidi.

Weka tahadhari ikufikie matumizi yakifika asilimia 70 au 80 ya kikomo, kwa sababu ombi linalohitaji jicho la mtu huchukua siku. Kinachouma ni kwamba mfumo wa kuongeza seva zenyewe haukupigii kelele unapogota. Unajaribu, unakataliwa, unajaribu tena kimya kimya, huku tovuti ikizidi kuwa nzito. Na kagua eneo lako la akiba, lile utakalohamia la kwanza likianguka, leo, si siku ya maafa. Nyongeza uliyopata eneo la kwanza haikufuati huko. Utahamisha kila kitu, kisha ukute kikomo ni kile cha mgeni.

Mwisho wa sakata langu ndio ulionimaliza. Ombi lile lile, maneno yale yale, namba zile zile, liliwasilishwa tena zamu nyingine na likaidhinishwa lote. Hakuna aliyeuliza chochote, na hakuna aliyeeleza kwa nini mara ya kwanza halikufaa. Ningepaswa kufurahi, na kwa dakika chache nilitaka kurudisha nyota zao. Lakini kama jibu linategemea nani yuko zamu, basi hakuna vigezo, na mimi siwezi kupanga uzinduzi wa kitu chochote juu ya hilo. Nyota moja, na hiyo ni ya waliotengeneza ukurasa wa vikomo.

Anayefikiria kuhamia kwao, au kwa yeyote mwingine, aombe vikomo vya eneo kuu na eneo la akiba na avione vimeandikwa kwenye akaunti kabla ya kupakia data. Kutoa data nje ya wingu kwa kawaida hutozwa kwa kila gigabaiti, na data ikishajaa kule, bei hiyo utaikumbuka kila unapotaka kuitoa.