Uzoefu wangu: droni ya kupeleka chambo, kutoka Kamulu hadi Mambrui

Navua mshipi tangu nikiwa kijana, kila likizo kwa dadangu kule Kikambala, na shida ni ile ile miaka yote. Naishi Umoja, Nairobi, bahari naipata siku nne tano kwa mwaka, na nikirusha kutoka ufukweni chambo kinaanguka mita 70 hivi, maji ya magoti, visamaki vinakikwangua mpaka ndoana inabaki tupu. Mwaka jana nikasema hapana, nanunua droni inibebee chambo na mshipi mpaka kwa maji ya kina.

Niliipata mkono wa pili kwa mpiga picha wa harusi hapa mjini, sh 85,000 na betri tatu. Kitu ya kwanza kumuuliza haikuwa kamera, ilikuwa makaratasi ya KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, maanake tangu zile kanuni za 2020 droni lazima isajiliwe, na ukiuziwa isiyo na karatasi hiyo kesi ni yako. Yangu ina gramu 900 na kitu. Zile ndogo za gramu 249 msijaribu, upepo wa bahari unazibeba na chambo chenu. Kishikio cha kuachilia chambo niliagiza kando, sh 4,500, kinafungwa chini ya tumbo la droni na kina kijicho kinachosoma mwanga, ukiwasha taa ya chini kwa rimoti kinafunguka.

Mazoezi nilifanyia Kamulu kwa shamba la rafiki yangu, huku Eastlands tuko karibu sana na uwanja wa ndege wa JKIA na ile kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, usithubutu kabisa. Nikafunga chupa ya maji ya nusu lita, nikapeleka mpaka mwisho wa shamba, taa, ikaanguka. Mara ya tatu ikaanguka kabla sijagusa kitu, kumbe jua la saa sita linaingia kwa kile kijicho. Nilikizungushia selotepu nyeusi kama kikofia na haijarudia tena. Pia mzigo usining'inie karibu na tumbo, kuna vijicho vingine hapo vya kupima umbali wa ardhi, vikiona chupa vinadhani droni imekaribia chini na inaanza kupanda yenyewe. Acha kamba ya mita moja na nusu.

Kikambala nilienda Agosti, na mtu yeyote wa pwani angeniambia nisiende, Agosti ni kusi, msimu wa upepo mkali. Droni ikaondoka vizuri, ikafika mita 250, mshipi umepinda na upepo kama upinde, halafu ghafla uzi ukajifunga fundo kwa pete ya kwanza ya fimbo. Nikaiona imesimama pale hewani, pua imeinama, inavuta na haiendi, propela zinalia sauti sijawahi kuskia. Betri ilikuwa asilimia 61, nikitazama tena ni 48. Nikawasha taa, kishikio kikafunguka, ikarudi, lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka shemeji akaniambia niketi kwanza.

Tangu siku hiyo kati ya kishikio na mshipi naweka kipande cha uzi wa cherehani, nilipewa na fundi wa nguo hapa mtaani. Unabeba chambo na chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 120 bila shida, lakini rili, ile ya kukunjia mshipi, ikikwama uzi unakatika wenyewe na droni inabaki huru. Kama utachukua kitu kimoja tu kwa haya maneno yangu chukua hiki, hakifiki hata shilingi kumi.

Kesho yake asubuhi upepo ulitulia, chambo kikapita mwamba kabisa, pale mawimbi yanapopasukia. Nikavutwa mara nne na mara nne mshipi ukakatika. Kulikuwa na mzee mvuvi ananitazama kutoka kwa mtumbwi wake, nikaenda nikamwamkia, akashika ile ncha iliyokatika akaipitisha kwa vidole. Ilikuwa imechanika manyoya manyoya. Akaniambia, "Mwanangu, chambo chako kimefika kwa samaki, ila mshipi wako umelala juu ya matumbawe. Samaki akigeuka tu, umekwisha." Nikamuuliza nifanye nini. "Tafuta mchanga."

Mchanga niliupata Mambrui, Februari, msimu wa kaskazi bahari ikiwa imetulia. Hapo jirani ndipo mto Sabaki unaingia baharini, na Sabaki ni huu huu Athi wetu, mto Nairobi unamwaga humo, kwa hivyo wakati wa mvua maji hapo ni kahawia, lakini Februari yalikuwa safi. Nilitumia ngisi na vipande vya mkizi. Betri moja ilinipa safari tano, nikifika asilimia 35 narudisha, siongezi hata moja. Ukishaachilia ngoja chubwi litue, ndio ufunge rili na ukaze pole pole mpaka mshipi unyooke. Siku ya pili saa kumi na moja jioni fimbo ikainama, uzi ukatoka zaidi ya mita mia bila kusimama, na nusu saa baadaye nikamshika kolekole wa kilo 6 na robo kwa mizani ya muuza samaki. Sijawahi kushika wa hivyo kwa kurusha na mkono.

Afrika Kusini serikali ilitangaza 2022 kwamba kuvua kwa droni ni kinyume cha sheria, na mimi nawaelewa, unamfikia samaki aliyekuwa salama huko nje. Mimi nachukua wawili kwa siku naacha, papa narudisha majini, na hifadhi za bahari siendi nayo.

Chumvi ndio inaniumiza. Naipangusa droni kila jioni kwa kitambaa cha maji baridi, lakini mota ya nyuma kushoto imeanza kukwaruza. Fundi wa Luthuli Avenue hapa mjini ameniambia ibadilishwe, nimeshaagiza, na ikifika kabla ya kaskazi kuanza niko Mambrui.