Nyimbo Nane, Nyimbo Thelathini na Moja: Albamu Tano za Mwaka 2024

Albamu kubwa inapotoka saa sita usiku, mashabiki huwa wameshatoa hukumu kabla hakujapambazuka: ama ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya msanii huyo, ama msanii mwenyewe amekwisha. Hukumu za namna hiyo huwa zinahusu wimbo wa tatu na wa saba, yaani zile nyimbo zilizomshtua msikilizaji mara ya kwanza, na mara chache huihusu albamu nzima. Nimechagua albamu tano za mwaka 2024 ambazo mashabiki wangali wanazibishania, nami nitazipima kwa kigezo kimoja ambacho mabishano hayo hukipita haraka, nacho ni kama nyimbo zake zinahitajiana, au zimewekwa pamoja kwa sababu tu zilikuwepo.

Nianze na iliyozua ubishi mkubwa zaidi. The Tortured Poets Department ya Taylor Swift ilitoka tarehe 19 Aprili ikiwa na nyimbo 16. Saa mbili baadaye zikaongezwa nyingine 15, zikawa 31, na muda wa kuzisikiliza zote ukapita saa mbili. Kwa upande wa mauzo hakuna cha kujadili, kwa kuwa wiki ya kwanza nchini Marekani pekee ilihesabiwa sawa na nakala milioni 2.61. Lakini hesabu hiyo yenyewe inaeleza kwa nini albamu zinarefuka. Katika chati za wakati huo za Billboard, jarida la Marekani linalopanga albamu kwa mauzo, nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,250 na watu wanaolipia huduma, zilihesabiwa kuwa nakala moja iliyouzwa, na wimbo wa dakika mbili ulihesabiwa sawasawa na wimbo wa dakika sita. Msanii mwenye mashabiki watakaosikiliza kila kitu hapotezi chochote kwa kuongeza nyimbo. Sahani ya santuri iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ilibeba takriban dakika 22 kila upande, na ufinyu huo uliwalazimisha wanamuziki kuchagua. Leo hakuna kinachowalazimisha isipokuwa masikio yao wenyewe.

Ndani ya nyimbo hizo 31 imo albamu nzuri sana ya nyimbo kumi na mbili hivi. “So Long, London” inafunguliwa kwa sauti zilizopangwa kama kwaya kanisani, kisha mdundo unaingia na kupiga bila kupumzika hadi mwisho, na huzuni yake inaaminika kwa sababu mwimbaji hapandishi sauti. “I Can Do It with a Broken Heart” inachekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, kwani mdundo ni wa kucheza dansi ilhali maneno ni ya mtu anayetabasamu jukwaani huku moyo umevunjika. Tatizo ni kwamba nyimbo nyingi alizotayarisha na mtayarishaji Jack Antonoff zinakwenda kwa mwendo uleule wa kati na kwa vinanda vilevile vya umeme vyenye ukungu, hata msikilizaji anapofika wimbo wa kumi anashindwa kukumbuka wa sita ulikuwa upi. Sehemu ya pili, ambamo mkono wa mtayarishaji mwingine, Aaron Dessner, unasikika zaidi, ina gitaa na piano zenye utulivu, na kwa maoni yangu ndiyo bora, ingawa ndiyo inayofikiwa na wasikilizaji wakiwa wamechoka. Mashabiki wake hujibu kwamba katika wingi huo kila mtu hupata wimbo wake, nao wanasema kweli. Hata hivyo, hiyo ni sifa ya ghala, si sifa ya albamu.

Billie Eilish alichukua njia tofauti kabisa. Hit Me Hard and Soft ilitoka tarehe 17 Mei ikiwa na nyimbo 10 tu, zisizofika dakika 45 kwa jumla, na hakutanguliza wimbo hata mmoja kabla ya siku hiyo, kwa makusudi ya watu kuisikia kazi nzima kwa mara moja. Aliitunga pamoja na kaka yake, Finneas, kama kawaida yao, ila safari hii kuna fidla za kundi la Attacca Quartet zinazoipa albamu upana ambao kazi zao za awali hazikuwa nao. Fidla hizo zinaufunga wimbo wa kwanza, “Skinny”, kwa upole, kisha ghafla ngoma za “Lunch” zinaingia, na hapo ndipo jina la albamu, yaani “nipige kwa nguvu na kwa upole”, linapoeleweka bila maelezo. “L’Amour de Ma Vie” inaanza kama wimbo wa kumbi ndogo za zamani, taratibu na kwa kejeli, halafu katikati inageuka kuwa muziki wa kasi wa mashine na sauti iliyochujwa. Nimesikia wengi wakilalamika kwamba ni nyimbo mbili zilizogandishwa, lakini mgeuko huo unafuata maana, kwa sababu anayeimba ameacha kuomba radhi. Maneno ya kufungua mlango yaliyosikika katika “Chihiro” yanarudi katika wimbo wa mwisho, “Blue”, na anayeruka nyimbo hatayatambua. “The Diner” peke yake ndiyo ningeiondoa. Imeimbwa kwa sauti ya mtu anayemfuatilia msanii kwa siri, na vitisho vyake vya mzaha vinafaa zaidi albamu yake ya kwanza kuliko hii.

Kutokana na hayo ingekuwa rahisi kusema kwamba fupi ni bora kuliko ndefu, na hapo ndipo Cowboy Carter ya Beyoncé, iliyotoka tarehe 29 Machi, inapoharibu hesabu. Ina vipande 27 na inachukua dakika 78. Wengi walivitaja vile vipande vifupi vya maongezi kuwa ni vya kujazia, lakini vimejengwa kama kipindi cha redio: Willie Nelson, mkongwe wa country, yaani muziki wa mashambani wa Marekani, ndiye mtangazaji, Dolly Parton, mkongwe mwenzake, anapita kuutambulisha wimbo, na Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, jukwaa maarufu la country, mwaka 1969, anazungumzia mipaka ya aina za muziki. Bila redio hiyo, hakuna kitakachoeleza kwa nini banjo ya “Texas Hold ’Em” iliyopigwa na Rhiannon Giddens inakaa nyumba moja na “Daughter”, ambamo Beyoncé anaimba kwa Kiitaliano wimbo wa kale wa “Caro mio ben”, au na “Ya Ya”, ambayo ni roki ya miaka ya 1960 yenye jasho na vumbi. Kwa namna hiyo, kuhama kutoka mtindo hadi mtindo hakuwi tena kosa la mpangilio, bali ndiyo hoja yenyewe, kwamba muziki wa country uliojengwa pia na watu weusi hauna haki ya kuwafungia mlango.

Mfano bora wa hoja hiyo ni “Blackbiird”. Gitaa linalosikika humo, pamoja na mguu unaogonga sakafu, ni vya Paul McCartney kutoka rekodi ya The Beatles ya mwaka 1968, na juu yake wanaimba Beyoncé na wanawake wanne weusi wanaofanya muziki wa country: Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Hakuna kilichobadilishwa sana, na hakuna kilichohitaji kubadilishwa. “Jolene”, kwa upande mwingine, imebadilishwa kupita kiasi. Katika wimbo wa asili wa Dolly Parton, mwanamke anamsihi mwenzake asimchukulie mume, na nguvu yote iko katika unyonge huo; Beyoncé anatoa onyo badala ya kusihi, na mara tu mwimbaji anapokuwa na uhakika wa kushinda, wimbo hauna tena cha kuhofia. “Levii’s Jeans”, alioimba na Post Malone, ni mwepesi tu. Hata hivyo, mwezi Februari 2025 albamu hii ilipopata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na ile ya albamu bora ya country ambayo haikuwahi kwenda kwa msanii mweusi kabla yake, sikuona sababu ya kushangaa, ingawa najua wapo walionuna.

Rapa Kendrick Lamar aliitoa GNX tarehe 22 Novemba bila tangazo lolote: nyimbo 12, dakika 44. Baada ya mabishano yake na rapa mwenzake Drake, mashabiki walitarajia “Not Like Us”, wimbo wake wa kumshambulia Drake, uwemo, na kutokuwemo kwake kulilalamikiwa sana. Mimi naona kuliiokoa albamu isiwe kumbukumbu ya ugomvi. Inafunguliwa na sauti ya Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, muziki wa asili wa Meksiko, na nafasi kubwa wamepewa marapa wa Los Angeles ambao wasikilizaji wengi wa nje hawakuwajua. “Reincarnated” ndiyo kilele: juu ya mdundo uliochukuliwa kwa marehemu rapa 2Pac, Kendrick anasimulia maisha ya wanamuziki waliomtangulia kana kwamba aliyaishi yeye, kisha hadithi inageuka kuwa mahojiano na baba ambaye polepole unamtambua kuwa ni Mungu. Nyimbo mbili tatu za katikati ni za kutikisa spika za gari tu, jambo ambalo si dhambi katika albamu yenye jina la gari.

Mwisho ni The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, ambao mashabiki vijana wengi hawakuwahi kuwasubiri, kwa kuwa albamu yao iliyotangulia ilitoka mwaka 2008. Songs of a Lost World, ya tarehe 1 Novemba, ina nyimbo nane tu, lakini hazina haraka. Katika “Alone” ala zinapiga kwa zaidi ya dakika tatu kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua kinywa, na “Endsong” inayofunga albamu inapita dakika kumi. “I Can Never Say Goodbye” aliitunga kwa ajili ya kaka yake aliyefariki, na piano yake yenye noti chache inarudia jambo moja kama mtu aliyefiwa anavyorudia sentensi moja. Kati ya hizi tano, hii ndiyo niliyoshindwa kuipunguzia hata wimbo mmoja, ingawa “Drone:Nodrone” inakwaruza kidogo. Lawama yangu ni ya sauti zilivyochanganywa, kwa maana ngoma na vinanda vimejazana hata gitaa la besi la Simon Gallup, ambalo kwa miaka mingi ndilo limeongoza nyimbo zao, linalazimika kupigania nafasi.

Kwa anayetaka kununua sahani badala ya kusikiliza mtandaoni, ya The Cure na ya Eilish zinafaa kuanza nazo, maana nyimbo zake ni chache na hakuna kinachokatwa ili zitoshe. Anayeitaka Cowboy Carter asome kwanza orodha iliyo nyuma ya jalada, kwa sababu nakala za mwanzo za santuri zilichapishwa bila baadhi ya nyimbo, “Ya Ya” ikiwamo, na sioni faida ya kununua redio hiyo ikiwa wimbo wake wenye moto zaidi haumo.