Boti moja kwa mto na maji mapana: misimu mitatu na tumbo la V ya wastani

Hii ni boti yangu ya tatu, na ndiyo pekee ambayo sikuitafutia mnunuzi msimu ulipoisha.

Ya kwanza ilikuwa ya alumini, tumbo bapa kama sinia. Mtoni haikuwa na mpinzani. Lakini siku nilipoitoa kwenye maji mapana na upepo ukaamka, kila wimbi lilikuwa kofi chini ya nyayo, meno yanagongana. Baada ya miezi michache ya kichapo hicho ribiti zinazoshika mabati zililegea, nikawa kila asubuhi naanza kwa kufua ngama, yaani kutoa maji yaliyovujia ndani. Kwa hasira nikaruka upande wa pili: boti ya faiba, V kali, yaani tumbo lililochongoka kwa chini, pande zake zikipanda kwa nyuzi 21 pale tezi, nyuma ya boti. Mawimbi iliyapasua vizuri sana. Mtoni ilikuwa inakwama, nashuka naisukuma.

Ya sasa ni alumini ya kuchomelea, mita 4.3. Omo, yaani mbele, imechongoka, kisha tumbo linalala taratibu hadi nyuzi 12 tu kule nyuma.

Muuzaji aliniambia inahitaji kina cha sentimita 15. Hakusema uongo, ila alikuwa anazungumzia boti tupu. Kwa vipimo vyangu, tumbo hulalia maji kwa takriban mita 5 za mraba, kwa hiyo kila kilo 50 huizamisha sentimita 1. Weka injini, tangi la mafuta, betri, nanga na watu watatu: kilo 350, yaani sentimita 7 zimekwenda. Halafu rafadha (propela) na pezi lake vinaning'inia sentimita 30 chini ya tumbo. Ile 15 imeshakuwa 52! Niligundua hayo juu ya fungu la mchanga, pini ya rafadha imekatika, na pini ya akiba nimeiacha nyumbani.

Sasa nikikaribia maji haba napunguza mwendo, nainua injini nusu, na jicho halibanduki kwenye kile kijitundu kinachotema maji ya kupoza. Kikiacha kutema, nazima na kushika upondo. Kilichonisaidia zaidi ni kusogeza tangi na betri mbele, kwa sababu tezi ndiyo iliyokuwa inakokota mchanga. Msitu wa vyombo vya umeme nilioufunga mwaka wa kwanza haukunifaa hata robo ya hapo.

Injini ya jeti, ambayo husukuma boti kwa kuvuta maji na kuyatema nyuma bila rafadha ya kuning'inia, niliijaribu kwa rafiki. Inapita kwenye maji haba kweli, lakini hula karibu asilimia 30 ya nguvu, na majani yakiziba wavu wa kuvutia maji unasimama palepale. Kwa mto wa mawe ningeichukua. Wangu ni wa mchanga na magugu.

Kwenye maji mapana, tusidanganyane: unalowa. Nyuzi 12 hazisamehi mwendo wa kasi, inabidi uyachukue mawimbi kwa pembe na polepole. Kinachonipa moyo ni ubavu wake ulioinuka juu, kwani ile bapa ilikuwa inachota maji kwa wimbi dogo tu. Hata hivyo, wimbi likipita nusu mita mimi nageuza. Siku zangu nane kati ya kumi ni za mtoni, na ndiyo maana sikuongeza nyuzi.