Sanduku la ARAT: Kipimo cha Mkono Baada ya Kiharusi

Vifaa vya ARAT (Action Research Arm Test), kipimo cha utendaji wa mkono kilichochapishwa na Ronald Lyle mwaka 1981, huuzwa vikiwa vimepangwa sandukuni pamoja na rafu yake, na anayelifungua kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ameletewa mzigo wa fundi: vipande vya mbao vya mraba vyenye upana wa sentimita 2.5 hadi 10, mpira wa kriketi, kinoo, bilauri mbili za kumiminia maji, mabomba membamba, washa (kipande bapa cha chuma chenye tundu) na bolti, gololi ya kioo na gololi ya beringi ya milimita 6. Hakuna betri wala skrini, jambo ambalo kwa kliniki zinazokatikiwa umeme naliona kuwa sifa.

Kazi 19 zimegawanywa katika mafungu manne: kukamata, kushika, kubana kwa ncha za vidole, na miondoko mikubwa ya kupeleka mkono nyuma ya kichwa, utosini na mdomoni. Kila kazi ina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 57. Ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika mpangilio. Kila fungu huanza na kazi ngumu kuliko zote, na mgonjwa akiifanya kikamilifu hupewa alama zote za fungu hilo. Asipoweza, hujaribu iliyo rahisi kuliko zote, na akipata 0 hapo, fungu zima huhesabiwa 0. Mgonjwa ambaye bado anachoka upesi hukamilisha upimaji kabla subira haijamwisha, naye haaibishwi kwa kushindwa mara kumi na sita mfululizo.

Kasoro yake inayonisumbua ni alama 2, ile ya anayekamilisha kazi kwa shida kubwa au kwa muda mrefu kupita kawaida. Anayekamilisha kazi taratibu lakini kwa mwondoko safi, na anayeikamilisha kwa kuinua bega na kuinamisha kiwiliwili ili kuufidia mkono, wote wawili huweza kuangukia hapo. Kwa sababu hiyo mgongo wa mgonjwa usiachane na kiegemeo cha kiti, na mpimaji aandike pembeni alichokiona, si namba peke yake.

Rafu ya sanduku nililotumia iliyumba, na hilo si dogo, kwani mgonjwa huinua vifaa hadi juu yake, na kimo chake cha sentimita 37 ni sehemu ya kipimo chenyewe. Seremala hodari anaweza kutengeneza rafu na vipande vya mbao, mradi vipimo vifuatwe barabara. Ningemtafuta huyo kabla ya kuagiza sanduku zima kutoka ng'ambo. Anayetaka kujua hali ya miondoko yenyewe, hata kwa mkono usioweza bado kushika chochote, aongeze kipimo cha Fugl-Meyer cha mwaka 1975, ambacho sehemu yake ya mkono ina alama 66 na huhitaji vifaa vichache mno.