Nguo za mabonge Mwanjelwa: pima kwanza, lebo baadaye

Maduka mengi ya Mwanjelwa, Mbeya, yana nguo za wanene, ila ni madira na rangi za kiza tu. Gauni la kutokea, hola. Lebo ya 3XL isikudanganye: nyingi za China huwa ndogo kuliko za Uingereza. Beba futi ya fundi. Lilaze gauni, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara 2. Kama kifua chako ni inchi 48 na kitambaa hakivutiki, tafuta 51 au 52. Kisha kagua mkono, hapo ndipo watengenezaji wanapoharibu: wanapanua tumbo, kwapa wanaliacha lilelile. Na mshono wa pembeni ukiachiwa nusu inchi tu kwa ndani, fundi hana pa kufungulia. Kwa makoti ya baridi ya Juni, nenda mitumba ya soko la Sido.