PC, PS5, Switch 2 au Xbox: ununue ipi sasa magemu ya konsoli yanapofika kwenye kompyuta

Kabla hujatoa pesa, fahamu mwenye konsoli anakula wapi. Faida kubwa ya Sony, mwenye PS5, haiko kwenye mashine, iko kwenye takriban asilimia 30 inayokatwa kila gemu la kampuni nyingine linapouzwa dukani kwake. Mchezaji akihamia PC, makato hayo yanapotea, na gemu la Sony lenyewe likiuzwa Steam, duka la mtandaoni la magemu ya PC, ni Steam inayokata. Ndiyo maana gemu la hadithi hucheleweshwa: God of War ya 2018 ilifika PC Januari 2022, na mwendelezo wake, Ragnarök ya Novemba 2022, ikafika Septemba 2024. Kufikia hapo konsoli imeshauza vya kutosha, na kinachoingia ni nyongeza. Helldivers 2, linalotegemea umati mtandaoni, lilitoka PS5 na PC siku moja, Februari 2024.

1. PC, kwa anayeweza kusubiri miaka miwili

Tafuta kadi ya picha yenye VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe, isiyopungua GB 8. RAM iwe GB 16 kwa vipande viwili vya 8, kwa sababu kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja tu na fremu (picha kwa sekunde) zinashuka. SSD, yaani hifadhi ya kasi, iwe ya aina ya NVMe, TB 1. Ragnarök peke yake linataka GB 190, kwa hiyo piga hesabu ya bando mapema. Ukiliweka kwenye diski ngumu (HDD) ya zamani litakwamakwama kila unapoingia eneo jipya.

The Last of Us Part I lilipofika PC Machi 2023 lilikuwa na hitilafu nyingi: lilizimika ghafla, kadi za GB 8 zilijaa, na maandalizi ya sheda (programu ndogo zinazochora mwanga na vivuli) mara ya kwanza yalichukua muda mrefu mno. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza saa 2, na muda wa kusubiri sheda unahesabiwa humo. Basi usinunue siku ya kwanza. Soma maoni ya wanunuzi, sasisha draiva (programu inayoendesha kadi ya picha), acha sheda ziishe ndipo uanze. Likikwama bado, shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) hatua moja. Hapo ndipo VRAM inapookolewa zaidi.

Pedi ya PS5 iunganishe kwa waya wa USB. Kwa Bluetooth, magemu mengi hupoteza ule mkazo wa vitufe vya nyuma.

Kuna pia suala la akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation wa Sony. Mei 2024 Sony iliwataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye PC waiunganishe, na nchi zisizo na PSN, Kenya na Tanzania zikiwemo, zikafungiwa kulinunua Steam. Sony ilirudi nyuma kuhusu sharti hilo, na Januari 2025 ikatangaza kuwa akaunti itakuwa hiari kwa baadhi ya magemu, Ragnarök likiwemo. Kwenye ukurasa wa gemu Steam, tafuta mstari unaotaja akaunti ya nje kabla hujalipa.

2. PS5 yenye tundu la diski

Ni ya asiyetaka kusubiri, na ya anayetaka Astro Bot au Gran Turismo 7, ambayo hayajafika PC. Diski unaiuza ukimaliza. Bila tundu unategemea duka la mtandaoni, na akaunti ya Kenya au Tanzania haifunguliki. Ukifungua ya nchi nyingine, kadi ya salio lazima iwe ya nchi hiyohiyo, na nchi hiyo haibadilishwi tena.

3. Switch 2

Nintendo, wenye Switch 2, hawapeleki Mario wala Zelda kwenye PC. Ukiyataka hayo, hakuna cha kusubiri.

4. Xbox Series S

Microsoft, mwenye Xbox, inataka kuuza gemu na Game Pass (usajili wa kucheza magemu mengi kwa ada) popote ulipo, kwa hiyo Halo Infinite na Starfield yalitoka PC siku ileile, na Forza Horizon 5 likafika hadi PS5 Aprili 2025. Mwenye PC nzuri hapungukiwi magemu mapya ya Microsoft. Series S haina tundu la diski, na GB 512 za toleo lake la msingi hujaa haraka. Ichukue tu kama bei yake ni ndogo kuliko ya kadi ya picha peke yake.